Usinitafute Kando ya Barabara

Nyakahura

Minza mwanangu,

Barua tulizofundishwa shuleni zilianza hivi: mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali nami. Sasa nimekaa na kalamu nashindwa kuanza, maana wewe hauko mbali. Uko chumba cha pili, na tangu tumalize kula nakusikia ukifunga zipu ya begi, ukiifungua, ukiifunga tena. Kama unatafuta soksi ya pili, iko kwenye kamba nje, haijakauka. Nitakuletea pamoja na barua hii, uisome kabla ya kulala.

Hilo ndilo la mwisho la mambo ya nguo. Habari za sabuni, za kutokula vya njiani na za kumwamkia kila aliyekuzidi umri, shangazi yako amekuimbia tangu Jumapili, na kwa sauti aliyotumia nadhani hata Biharamulo mjini wamezisikia. Mimi nimebakiwa na yale ambayo mdomo wangu hauyawezi. Unanijua. Nikianza jambo la maana naishia kwenye utani, watu wanacheka, jambo linabaki palepale. Acha kalamu ijaribu.

Baba yako amepiga simu kutoka mgodini. "Usimlilie mtoto, utamharibia safari," akasema. Nikamwambia, "Nani analia?" Nikasikia anapenga kamasi. Akirudi mwisho wa mwezi atakuta nyumba ina mtu mmoja na kuku.

Basi. Kesho unakwenda Mbulu kwa Kocha Veneranda. Mwaka mzima amekufundisha kwa simu, sasa unakwenda kukaa kwake na wale wakimbiaji wake wachache. Ameniomba kitu kimoja tu: nisije. Nisije kambini kukutazama ukifanya mazoezi, wala nisije kwenye mbio zako za kwanza chini yake, zile za Arusha baada ya mvua. Nimemkubalia. Wewe hujui bado, maana jana tu ulikuwa unanipangia mahali pa kusimama. "Mama, simama pale wanapogeuzia, mkono wa kushoto, nikuone." Nikasema haya. Nilikudanganya, mwanangu. Sitasimama popote.

Nisingependa ulijue hili Arusha, katikati ya njia. Ndiyo maana naandika.

Kwamba nilijifunza kukimbia kwa malori, hilo umelisikia mpaka umelichoka. Nilikuwa darasa la tano au la sita. Benaco, ile kambi ya wakimbizi wa Rwanda kule Ngara, ilikuwa imejaa watu kuliko mji wowote niliowahi kuusikia, na malori ya unga na maharage ya wakimbizi yalipita hapa mchana kutwa. Babu yako alilisha ng'ombe ng'ambo ya barabara, kule unakoanza kupanda kilima. Lori likiwa na mzigo lilikipanda kile kilima kama bibi harusi anayeingia ukumbini, taratibu, huku limenuna. Mimi nikawa najipachika nyuma yake. Si karibu sana, moshi utaniua. Si mbali sana, litaniacha. Nilisikiliza injini. Dereva akibadili gia, na mimi nabadili.

Kulikuwa na dereva mmoja wa Kisomali aliyekuwa akitoa kichwa dirishani.

"We mtoto, panda nikufikishe!"

"Sipandi! Nina haraka!"

Alicheka mpaka lori likayumba. Jioni baba yangu, ambaye kwa Kisukuma alituita sisi binti zake mayu, yaani mama, aliniuliza kwa upole wake ule wa kutisha, "Mayu, nilikutuma kuchunga ng'ombe au kuchunga lori?"

Miguu ikakomaa. Nikashinda shuleni, nikashinda wilayani, nikaingia kambi ya mkoa. Kule tulikuwa na kocha mzee mwenye filimbi, na programu yake ilikuwa moja kwa watu wote. Wa mita mia nane, wa marathoni, mwenye mafua, aliyefika jana kwa basi, wote tulikimbia kilekile. Ukimwambia goti linauma, alikuuliza kama unakimbia kwa goti au kwa moyo. Sisi tukaona huo ndio ukocha. Hakuna aliyewahi kuniuliza nimelalaje.

Halafu ikaja Arusha, zile mbio za nusu marathoni ambazo siku zote nimekuambia niliteguka kifundo cha mguu. Sikuteguka. Kifundo changu ni kizima tangu nizaliwe. Kilichotokea ni hiki.

Kundi letu la mbele la wanawake lilikuwa na kijana wa kiume aliyekodiwa kutuongozea mwendo. Kazi yake ilikuwa kutangulia kwa kasi iliyopangwa mpaka mahali fulani, kisha atoke, atuachie wenyewe. Tulielezwa hivyo siku iliyotangulia kwenye mkutano, kwa kipaza sauti kibovu, nami nilikuwa nimekaa nyuma kabisa nakula ndizi. Mbio zilipoanza nikaona mbele yangu mgongo mpana unaokwenda kwa mwendo mmoja, haupungui, hauzidi. Minza, nilifurahi! Nilikuwa nimepata lori langu. Nikajipachika. Sikuangalia njia tena, sikuangalia wenzangu, nilitazama ule mgongo tu. Sambamba nami kulikuwa na wanawake wawili, na kwa kuwasikia tu wanavyohema nilijua mmoja wao amechoka.

Tulipofika kwenye kona moja yule kijana akapinda, akaiacha lami, akashika njia ya vumbi. Nami nikapinda. Akapunguza, nikapunguza. Akafika kwenye gari dogo jeupe, akashika kiuno, akageuka, akaniona.

"Dada, unaenda wapi?"

"Nakufuata wewe."

"Mimi nimemaliza!"

"Tumemaliza?" Nikaanza kutafuta utepe kwa macho.

"Nimemaliza mimi! Wewe rudi barabarani, dada yangu, wanakupita!"

Ndani ya gari kulikuwa na mtu anakunywa chai. Alicheka mpaka akajimwagia.

Niliporudi kwenye lami nikakuta mwanamke mmoja mrefu, Mwiraqw, ndiyo anapita. Alikuwa ameona yote. Hakupunguza mwendo, alinipungia mkono tu kama anayemwita kuku: "Huku, dada, huku! Mashindano yako huku!" Huyo ndiye Veneranda. Ndivyo tulivyofahamiana. Sasa unajua kwa nini kila akipiga simu huanza kwa kuniuliza kama nimeiona njia.

Mpaka hapo cheka, nimekuruhusu. Sehemu inayofuata haichekeshi.

Pumzi nilikuwa nayo. Miguu nilikuwa nayo. Waliokuwa wamenipita niliwaona bado kwa mbali, na ningeweza kuwafikia. Lakini karibu yangu hapakuwa na mtu wa kumfuata, na mimi sikujua nikimbie kwa kasi gani. Nikienda haraka naogopa nitakatika. Nikipunguza naogopa nitaachwa. Nikawa nageuka nyuma. Migomba kushoto, migomba kulia, na hakuna sauti isipokuwa viatu vyangu mwenyewe. Nimezaliwa katika nyumba ya watu kumi na wawili, Minza. Nilikuwa sijawahi kuwa peke yangu hata chooni. Ile barabara tupu ilinishinda, na haikunishinda kwa urefu wake. Nilifika nimechelewa mno hata utepe walikuwa wameshaukunja. Sikuchaguliwa tena. Nikarudi huku, nikaolewa, na kifundo changu kikateguka hapo, kwa maneno, ili watu wanipe pole badala ya kunicheka.

Ungedhani mtu aliyepata aibu ya namna hiyo amejifunza kitu. Ulipoanza kukimbia mimi nilifanya nini? Nikanunua baiskeli ya mtumba. Nikatangulia mbele, kidumu cha maji nyuma kwenye keria, na wewe ukafuata kidumu. Kila asubuhi, miaka yote hii, mvua au vumbi. Nikipandisha kasi unapandisha, nikipumzika unapumzika. Wewe mwenyewe uliniambia siku moja pale kilimani, "Mama, unavyohema ni kama injini kweli." Nikacheka. Sikusikia ulichoniambia.

Veneranda alipokubali kukufundisha, nilimwuliza siku ya kwanza, "Kocha, programu iko wapi nianze kumkimbiza?" Akasema, "Mama Minza, bado sijamjua anayekimbia." Akaanza maswali. Unalala saa ngapi, unachota maji wapi, kidumu unabeba kwa kichwa au kwa mkono, siku zako zinakujaje, ukikasirika unasema au unanyamaza. Mimi nikadhani ana kaka yake anamtafutia mke. Halafu ikaja ile programu yako ya kwanza, nikaiona nyepesi kama uji wa mgonjwa. Siku nzima kupumzika! Mtu mzima mwenye miguu miwili, apumzike! Kumbe alikuwa amehesabu ndoo zako za maji ndani ya mazoezi. Mimi nikaongeza chumvi yangu. Alipoandika upumzike, nikakuambia tukipande kilima kidogo tu. Kidogo tu ya mama yako unaijua. Ukaumia ugoko, ukakaa nyumbani mpaka maharage yakachanua.

Hilo ni langu, nimelibeba. Lakini kuna kipande chako hapo, nacho nakuomba ukiache hapa, usiende nacho Mbulu.

Kila asubuhi kocha alikuandikia: "Habari ya miguu?" Nawe ukajibu: "Nzuri kocha, shikamoo." Huku ugoko unawaka moto. Nilikuwa nasoma nyuma ya bega lako na sikuona kosa, maana ndivyo nilivyokulea. Kwetu mtu akikuuliza habari, nzuri inatangulia. Unamkumbuka Mama Yusta asubuhi ile alipokuja kubisha hodi? Nikamwuliza, "Habari za nyumbani?" Akajibu, "Nzuri, hatujambo kabisa. Ila paa limeondoka na upepo." Ni adabu, na mimi naipenda, ile nzuri ya kwanza inampa mwenzako muda wa kuvuta kiti. Ila kwa mwalimu huyu usiitumie. Yeye hawezi kuingia ndani ya mguu wako. Mlango wake ni mdomo wako tu. Ukimwambia nzuri, kesho anaongeza. Mwanangu, kwa Veneranda anza na paa.

Na asije akakuambia mtu kwamba kusema unaumwa ni uvivu. Mimi niliwahi kukuambia hivyo, na nilijifunza kwa yule mzee wa filimbi, na yeye sijui alijifunza kwa nani. Mnyororo huo ukatie hapohapo.

Sasa nikueleze ile siku ya Mwanza, kocha alipokuja kukuona ukikimbia kwa mara ya kwanza. Wewe ulishika nafasi ya nne, ukafurahi, tukala samaki. Hujui nilichokiona.

Nilikuwa nimekodi bodaboda, nakufuata kando ya barabara. Mahali palipo na mzunguko askari wakatuzuia, pikipiki zisipite. Nikashuka, nikasimama nyuma ya watu, kofia ya pikipiki bado kichwani, sura yangu haionekani. Ukaja. Ulikuwa wa pili, na mbele yako yule msichana alikuwa anakwisha, kila mtu aliona. Ukafika pale mzungukoni, ukageuza kichwa kulia. Ukageuza kushoto. Ukapunguza. Ukanitafuta tena. Wawili wakakupita hapohapo, mbele ya macho yangu, na mimi niko hatua chache kutoka kwako nimevaa kofia kama mwizi. Ningepaza sauti ungeongeza mwendo, najua. Sauti haikutoka. Ule uso uliokuwa nao niliujua. Nilikuwa nimeuvaa mimi, kwenye migomba ya Arusha.

Baadaye, wewe ukiwa unabadili nguo, Veneranda akanivuta nyuma ya mahema.

"Mama Minza, kilima umemfundisha vizuri."

"Asante, kocha."

"Na kuvumilia amejua."

"Limetoka kwa baba yake hilo."

"Lakini wewe ukitoka njiani, na yeye anatoka."

Nikaona linakuja, nikakimbilia utani kama kawaida yangu. "Basi Arusha nitajificha nyuma ya mti."

Hakucheka. "Atakutafuta kwenye kila mti," akasema.

Ndipo akaniomba. Nikamwambia nitafikiri. Nilinuna wiki nzima. Wewe ulidhani jino linaniuma, ukanichemshia maji ya chumvi, nikasukutua kwa heshima yako. Haikuwa jino. Nilikuwa najiuliza, ikiwa mimi si wa kutangulia mbele yake, nimebaki wa nini? Baba yako ana mgodi wake. Wewe una miguu yako. Mimi nilikuwa na ile saa moja ya asubuhi, wewe nyuma yangu, hatuongei, nasikia unavyopumua. Watu wanadhani nilikuwa nakufundisha. Nilikuwa nakaa na mwanangu.

Kwa hiyo usidhani nimekubali kwa urahisi, na usidhani nimekubali kwa sababu yeye ana medali na mimi nina hadithi ya gari jeupe. Nimekubali kwa sababu ya kile kichwa chako kilichokuwa kinageuka. Nimekiona mara moja. Sitaki kukiona tena, na njia pekee ya kutokukiona ni mimi nisiwepo.

Nikuambie ukweli kuhusu kile kipande cha njia. Kitakuja. Arusha au kwingine, utafika mahali aliye mbele hayupo, aliye nyuma humsikii, na watu wa kando wanashangilia mtu mwingine. Usije ukadhani umekosea njia. Hapo ndipo penyewe. Wapo watakaokuambia ukizoea huoni kitu. Mimi siwezi kukuahidi hivyo, maana mimi nilifika hapo mara moja tu na nilipavuka kwa kuchechemea moyoni. Sina dawa ya pale. Veneranda amepita pale mara nyingi. Mwulize, na umwulize kabla ya siku yenyewe: kocha, ukiwa peke yako unafanyaje? Hilo si swali la kitoto. Laiti ningekuwa na mtu wa kuniuzia jibu lake, ningeuza ng'ombe.

Ninachoweza kukupa ni kidogo. Shingo ikitaka kugeuka, ujue huko inakotaka kutazama hakuna mtu. Si kwamba amechelewa basi. Si kwamba ameumwa, wala si kwamba amekasirika kwa sababu ulienda. Hayupo kwa makusudi. Siku hiyo nitakuwa hapa gulioni na maharage yangu, nawapimia watu ovyo, wengine watapata zaidi ya walicholipia na wataniombea heri. Wewe tazama mbele.

Mimi nitazoea. Keshokutwa nitaamka saa ileile, miguu haijui kwamba umeondoka. Nitaitoa baiskeli nje, nitasimama nayo kidogo. Halafu nitakwenda nayo kisimani, maana maji sasa ni yangu kuchota, na ndoo zenyewe, kama kocha alivyosema, ni mazoezi tosha.

Imebaki kesho asubuhi. Yohana atakuja na pikipiki kukupeleka Lusahunga kwenye basi. Hapa kwetu hata mgeni wa siku moja husindikizwa mpaka njia panda, sembuse mtoto wa kuzaa, na najua umeniwekea nafasi nyuma ya Yohana. Siji, mwanangu. Naishia mlangoni. Mama Yusta atasema nina roho ya jiwe, na ifikapo mchana Nyakahura nzima itakuwa imesema. Waache. Wewe na mimi tuanze kujifunza hapohapo, mahali ambapo tukikosea hakuna wa kutupita.

Tutaagana. Nitakubariki kwa namna babu yako alivyotubariki, mkono kichwani, bila maneno mengi. Kisha nitageuka mimi kwanza, niingie ndani. Nikishafunga mlango, panda uende. Usisubiri kuona kama nitatoka tena.

Nitakuwa nimetoka.

Mama yako